Beki Aliyeomba Uwanja: Maisha ya Polikarp Kullu wa Kusumtoli

Padri, wazee wetu, mama zangu, ndugu wa Kusumtoli, nanyi mliovuka mto kwa shida asubuhi ya leo: asanteni kwa kufika na mvua hii. Kazi ya kusoma maisha ya marehemu ilikuwa ya kaka yangu Anmol, lakini treni yake kutoka Goa imekwama kwa mafuriko, na mwili hauwezi kumsubiri. Kwa hiyo nasoma mimi, Jasinta, binti yake. Mama ameniambia nisipambe. Amesema, "Baba yako alichoshwa na watu wa kupamba."

Marehemu Polikarp Kullu alizaliwa hapa Kusumtoli tarehe 26 Januari 1952, katika wilaya iliyokuwa ikiitwa Ranchi wakati ule na leo ni Simdega. Alikuwa mtoto wa nne wa mzee Eliazar Kullu na bibi Sosan Kiro. Kwenye kalenda ya zamani ya Kanisa siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Polikarp, na padri Mbelgiji aliyembatiza hakutafuta jina jingine. Bibi jina lilimshinda kutamka. Alimwita Kobe tu, kwa kuwa sisi akina Kullu ni ukoo wa kobe, na jina hilo likamfuata mpaka viwanjani.

Alianza mpira wa magongo siku alipoanza kuchunga ng'ombe, kama watoto wote wa milima hii. Mwanzi uliopinda kwenye mzizi ulikuwa gongo. Kifundo cha mzizi huohuo, kikichongwa vizuri, kilikuwa mpira. Ng'ombe waliingia mashamba ya watu, wenye mashamba walikuja na fimbo, na mchezo uliendelea upande wa pili wa kijito. Katekista wetu wa zamani, mzee Yohan, naye aliuchangia ugonjwa huo. Baada ya mafundisho ya Komunyo aliwapanga watoto na kuwaimbisha medali za India za Olimpiki kama litania.

"Amsterdam?" anauliza.

"Dhahabu!" wanajibu.

"Los Angeles? Berlin? London? Helsinki? Melbourne?" Na kila mji, watoto wanapasua sauti: "Dhahabu!"

"Roma?"

Hapo sauti zinashuka. "Fedha."

"Fedha," anasema mzee Yohan akitikisa kichwa. "Tena Roma, nyumbani kwa Papa. Hata yeye hakutuombea."

Kisha aliwakumbusha kwamba nahodha wa timu ile ya kwanza, ya Amsterdam mwaka 1928, alikuwa mtoto wa kabila la Wamunda, jirani zetu, aliyechunga ng'ombe kama wao. Baba aliniambia kwamba kwa miaka mingi alidhani Amsterdam ni kijiji kimoja baada ya Ranchi. Alidhani akitembea vizuri atafika.

Mwaka 1967, akiwa na miaka kumi na mitano, alichezea kijiji kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya mbuzi pale Barwapani. Mnajua mashindano yetu: zawadi ni beberu mnono aliyefungwa kamba kando ya uwanja, anawatazama mnavyomgombania. Fainali ilikuwa dhidi ya Pathartoli. Walikuwa na mshambuliaji mmoja, mwenye mbwembwe, aliyekuwa akiuchezesha mpira huku akimsemesha baba.

"Kobe! Kobe! Ingia kwenye gamba lako, mvua inakuja!"

"Gamba ndilo hili," baba akamjibu. "Pita basi."

Hakupita. Baba alicheza peku, na kona ya mwisho ya Pathartoli aliizuia kwa mfupa wa mguu. Kovu lile mmeliona wote mliomwosha juzi. Kusumtoli ilishinda bao moja bila, na kwa kuwa yeye ndiye aliyevuja damu alipewa heshima ya kumswaga mbuzi mpaka nyumbani. Ni mwendo wa nusu siku msituni. Walipofika, mbuzi alikuwa anamfuata bila kamba, na baba alikuwa ameshampa jina. Alipochinjwa, baba alilia mbele ya kijiji kizima, shujaa wa mchana huohuo. Bibi akamwambia, "Nyamaza basi. Mwakani ushinde kuku, hao hawana macho ya kukutazama."

Alisoma shule ya bweni ya misheni pale Barwapani kuanzia 1959, akafika darasa la tisa. Mwezi wa Julai 1969 babu aliumwa na nyoka wakati wa kupandikiza mpunga akafariki siku hiyohiyo, na baba akaacha shule. Alilima miaka miwili. Mwaka 1971 wakaja watu wa kampuni ya madini ya chuma ya Lohaghati wakitafuta vijana wa magongo kwa timu yao. Siku zile kila kampuni, kila reli na kila kikosi cha jeshi kilitaka timu, na waliotaka mabeki wasiochoka walijua waje huku. Akapewa kazi ya stoo asubuhi na mazoezi jioni. Kwa mara ya kwanza maishani alivaa viatu vya kuchezea. Alisema vilimfanya ajisikie kama anatembea ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Mwanzoni mwa 1975 aliitwa kambi ya taifa, timu ilipokuwa ikijiandaa kwa Kombe la Dunia. Alikaa kule wiki kadhaa. Alikula mayai kila siku, akapiga picha na vijana wenzake kutoka Punjab na Bhopal, na kwenye mchujo wa mwisho akaachwa. Kocha alimshika bega akamwambia, "Wewe bado kijana, Olimpiki ijayo ni yako." Akarudi Lohaghati. Fainali ya Kuala Lumpur aliisikiliza redioni kwenye kantini ya mgodi, wafanyakazi wamejaa mpaka madirishani. Tulipoishinda Pakistani mabao mawili kwa moja, wenzake walimbeba baba juu wakamzungusha kambi nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga. Mama anasema hakuwahi kumsikia akiilalamikia siku ile. Aliamini alichoambiwa. Olimpiki ijayo.

Olimpiki ijayo ilikuwa Montreal, 1976, na ilichezwa juu ya zulia la plastiki, nyasi za bandia. Hakuitwa hata kambini safari hiyo. Timu iliyokuwa haijawahi kurudi bila medali tangu 1928 ilirudi ya saba. Mnaokumbuka mchezo wa zamani mnajua kilichotokea. Mchezo wetu ulikuwa wa nyasi na udongo: mpira unarukaruka, unautuliza, unaubembeleza kwenye gongo, unampita mtu mmoja halafu wa pili. Kwenye zulia mpira unapita kama maji kwenye bomba, na mwenye mapafu na nguvu ndiye bwana. Nchi tajiri zilitandika mazulia kila mji. Sisi tulikuwa na moja, mawili, mbali na hapa. Baba aliliona zulia kwenye picha ya gazeti tu, akauliza, "Sasa hapo mtu akianguka anaungua au anateleza?" Pale Lohaghati hakuna aliyejua.

Tarehe 6 Mei 1978 alifunga ndoa na Filomena Dungdung wa Pathartoli, ndiye mama yetu. Alimwona kwenye harusi ya rafiki, akacheza ngoma mpaka akafika kwenye mstari wake, akamshika mkono. Mama hakuutoa mkono, ila alimtazama vizuri.

"Wewe si Kobe? Ndiwe uliyemvunja kaka yangu jino."

"Lilikuwa gongo la juu," baba akasema. "Refa mwenyewe alisema bahati mbaya."

"Refa hakai naye nyumbani. Anapiga mluzi kila akisema samaki."

Mjomba Martin yupo hapa, na bado anapiga mluzi. Alikubali ndoa kwa sharti kwamba baba asicheze tena dhidi ya Pathartoli, na baba alilishika sharti hilo. Mungu aliwajalia watoto wanne. Wawili, Alma na Sushil, walichukuliwa na malaria wakiwa wachanga. Tulibaki Anmol na mimi.

Kulikuwa na furaha ya mwisho, dhahabu ya Moscow mwaka 1980. Halafu ikaja tarehe moja Desemba 1982, fainali ya michezo ya Asia kule Delhi. Kampuni ilikuwa imenunua televisheni ya kwanza kwa ajili ya siku hiyo ikaiweka kwenye ukumbi. Mama alikuwepo na Anmol mgongoni. Pakistani walitufunga saba. Saba kwa moja, nyumbani kwetu. Kufikia bao la nne watu walianza kutoka kimyakimya. Baba alibaki mpaka mwisho pamoja na golikipa wa timu yao, mzee Barla. Mzee Barla akasema, "Zima, Polikarp." Baba akasema, "Acha. Nataka kuona wanavyosimama mabeki wao."

Mwezi uliofuata kampuni iliivunja timu. Meneja aliwaita wachezaji ofisini akawaeleza kwamba magongo sasa ni mchezo wa mazulia na kampuni inachimba chuma, haifumi mazulia. Wengine walicheka kwa heshima. Kisha wakagawanywa kwenye kazi. Baba alipelekwa kwenye mashine ya kusaga mawe.

Alifanya kazi hapo miaka kumi na sita. Vumbi lile ni jekundu likiwa nje na jeupe likiwa ndani ya kitambaa cha pua. Nikiwa mdogo nilidhani baba ana nywele nyekundu. Mwaka 1995 alianza kukohoa, na daktari wa kampuni alimpa dawa za kifua kikuu mara mbili ingawa makohozi hayakuonyesha kifua kikuu. Mwaka 1999 alishindwa kupanda ngazi za mashine. Akaambiwa apumzike nyumbani. Tukarudi Kusumtoli.

Ndugu zangu, hapa nitasema taratibu, kwa kuwa wengi wenu mlikuwepo.

Uwanja wa Kusumtoli, huu ulio nyuma ya kanisa, mliukuta na mababu zenu waliukuta. Baba alirudi na mapafu nusu, akaokota mawe kwenye uwanja ule mpaka ukawa laini kama ua la nyumba, akaanza kufundisha. Alikaa kwenye kigoda kwa sababu hakuweza kukimbia. Alifundisha kwa mdomo na kwa ncha ya fimbo. Wavulana na wasichana, wote pamoja. Mzee Ignas, ambaye nyumba yake inatazama uwanja, alipokuja kusema wasichana wakae nyumbani, baba alimwambia, "Mzee, leta wako wanne. Nahitaji mstari wa mbele." Mzee Ignas akawaleta.

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto wale. Nilicheza katikati. Nilikuwa na mbio, na baba alinifundisha kila alichokijua: kuutuliza mpira unaoruka, kuuficha nyuma ya gongo, kumdanganya mtu kwa bega. Mwaka 2006, nikiwa na miaka kumi na saba, niliitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa ya wasichana. Baba alisafiri nami. Treni nzima alikuwa akitabasamu dirishani kama mtu anayekwenda harusini. Tulipofika akaomba aruhusiwe kuligusa zulia. Akavua viatu nje, akapiga magoti, akalipapasa kwa kiganja. Lilikuwa limemwagiwa maji.

"Ni baridi," akaniambia. "Hebu kanyaga."

Nilikanyaga. Siku ya kwanza mpira ulinipita kila mara kabla sijauona. Nilikuwa nikiusubiri uruke, na zulia halirushi mpira. Wasichana wa hosteli za serikali, waliolelewa juu ya zulia tangu utotoni, waliniita Mama Shamba. Siku ya pili niligeuka kama nilivyofundishwa, kwa bega kwanza. Juu ya udongo mguu unateleza kidogo, mwili unageuka wote. Juu ya zulia kiatu kilibaki palepale na goti likageuka peke yake. Baba alikuwa nje ya uzio. Alisema alisikia kano zikikatika. Sijui kama ni kweli, lakini alikuwa amefika uwanjani kabla ya daktari, yeye asiyeweza kupanda ngazi.

Hapakuwa na wa kunifanyia upasuaji. Nilifungwa bandeji, nikaandikiwa dawa ya maumivu, na jina langu likafutwa kwenye orodha. Tukiwa kwenye treni ya kurudi, alikaa mbele yangu akauweka mguu wangu mapajani mwake. Kisha akasema, "Jasi, mimi nilikufundisha mchezo ambao haupo tena."

Nilimwambia, "Baba, lala."

"Hukukosea. Ulifanya kila kitu sawasawa. Ndiyo maana umevunjika."

Baada ya hapo alipata wazo moja tu maishani: zulia. Liletwe zulia moja, mahali popote ambapo mtoto wa huku anaweza kutembea kwa miguu akalifikia, ili asilikute kwa mara ya kwanza siku ya majaribio. Alikwenda ofisini Simdega. Alikwenda Ranchi. Alikaa kwenye mabenchi ya nje na chupa yake ya maji, akikohoa, mpaka makarani wakamjua. Walimwita Mzee Zulia. "Mzee Zulia amefika, mpeni kiti asije akatufia." Alikubali kuitwa hivyo.

Mwaka 2008 timu ya taifa ilishindwa hata kufuzu kwenda Beijing, mara ya kwanza tangu ile Amsterdam ya mzee Yohan. Kelele zikawa kubwa nchi nzima, na katika kelele zile mlango wa baba ukafunguka. Mwezi wa Februari 2009 magari yalikuja hapa Kusumtoli. Mnakumbuka. Ngoma zilipigwa, wageni walioshwa miguu na mikono kwa desturi yetu, mheshimiwa mmoja wa serikali aliweka jiwe la msingi la zulia katikati ya uwanja, na baba alivishwa shada la maua ya njano. Mama alimshika kiuno asianguke.

Wiki iliyofuata mkandarasi alizungushia uwanja seng'enge, akamwaga kokoto malori kwa malori, akaweka mlinzi. Kisha akaondoka. Hakurudi.

Mwaka wa kwanza tulisema mvua. Mwaka wa pili tulisema uchaguzi. Mwaka wa tatu magugu yalifika kifuani na mlinzi akaacha kuja, lakini zile kokoto hakuna mtoto aliyeweza kukimbia juu yake, na kila aliyejaribu kuzizoa alitishiwa polisi kwa sababu sasa ardhi ilikuwa ya mradi. Watoto walicheza barabarani mwezi mmoja, miwili, mpaka mtoto wa akina Bilung alipogongwa na pikipiki. Mashindano ya mbuzi ya hapa kwetu yakahamia Pathartoli. Vijana aliowafundisha wakaanza kuondoka mmojammoja kwenda kujenga maghorofa ya watu Pune na Surat. Anmol akaenda Goa.

Na hapa Kusumtoli watu walimlaumu. Sisemi kwa ubaya. Mwenye kupoteza hutafuta wa kumshika. Siku moja baada ya misa, mbele ya kanisa, mzee Ignas alimsimamisha.

"Polikarp, sisi tulikuwa na uwanja. Nani alikutuma kuomba zulia?"

"Hakuna. Niliomba mwenyewe."

"Sasa watoto wachezee wapi? Juu ya kichwa chako?"

Baba alivua kofia. "Kingetosha, wangecheza," akasema.

Kesho yake alichukua karai, akapita chini ya seng'enge, akaanza kuzoa kokoto. Alibeba karai moja, akapumzika. La pili, akapumzika. La tatu Mama alimkuta amekaa chini, midomo ya bluu, karai mapajani. Mzee Ignas ndiye aliyembeba kumrudisha nyumbani. Siku zote baada ya hapo mzee Ignas alikuwa akimletea samaki wa mtoni, na hawakuzungumzia uwanja tena. Hakuna aliyeuzungumzia.

Ugonjwa wake mnaujua. Madaktari wa Ranchi walituambia mwaka 2014 kwamba mapafu yamejaa vumbi la mawe, na vumbi hilo haliondoki kwa dawa. Tangu 2018 alilala ameketi. Mama alimwekea magunia ya makapi ya mpunga mgongoni. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikafungwa kwa uzi shingoni. Hakuwa mgonjwa mwepesi. Alinyamaza siku nzima, na akisema, alisema neno chungu. Padri alipomletea Komunyo akamwambia Mungu ana mpango wake, baba alimjibu, "Nao una mkandarasi?" Padri, utanisamehe, nimeahidi nisipambe.

Alhamisi iliyopita, tarehe 5 Agosti, timu ya wanaume ilipata medali ya shaba Tokyo, medali ya kwanza tangu Moscow. Vijana wachache waliobaki walikuja na simu wakamwonyesha mchezo. Watoto wa milima yetu wamo kwenye timu ile, waliochukuliwa wadogo wakalelewa kwenye mazulia ya mbali. Filimbi ya mwisho ilipolia, kijiji kilipiga ngoma na vitamutamu viligawiwa mvuani. Jioni afisa mmoja alikuja na mpiga picha, akamvisha baba shali mabegani kama mchezaji wa zamani.

"Mzee wetu, hongera! Taifa limerudi kwenye magongo!"

"Lilikuwa limekwenda wapi?" baba akauliza.

Afisa akacheka, mpiga picha akapiga. Baba akamshika mkono, akauliza kwa pumzi mojamoja, "Na uwanja wetu?"

"Mwakani, mzee. Safari hii ni mwakani kweli."

Walipoondoka alisema shali inamkaba. Nikaitoa.

Siku iliyofuata, Ijumaa, wasichana walicheza kutafuta shaba yao. Tangu goti langu nilikuwa sijatazama mchezo wa magongo, hata mmoja, na ndani ya nyumba yetu hakuna aliyeuwasha nikiwepo. Asubuhi hiyo baba aliniita mwenyewe. Nilikaa naye kitandani, simu ameishika kwa mikono miwili. Wasichana walipigana, wakashindwa manne kwa matatu. Walikaa chini kwenye lile zulia la bluu wakilia.

"Umeona wanavyokimbia," baba akasema. "Hawautazami mpira kabisa. Wanajua ulipo."

"Nimeona, baba."

"Ungekuwa pale."

"Baba, mimi nina miaka thelathini na mbili. Ningekuwa nimeshastaafu."

Aligeuka akanitazama kama mtu anayehesabu miaka, na sijawahi kutazamwa vile.

"Ungekuwa umeshastaafu," akasema.

Hakusema kitu kingine cha kueleweka. Alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 7 Agosti 2021, nyumbani kwake, Mama akiwa amemshika mgongo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mjane, Filomena. Mwana mmoja, Anmol, na mkewe Sarita. Binti mmoja, mimi ninayesoma. Wajukuu wawili, Rohit na Elin, ambao hawajawahi kushika gongo. Dada yake, shangazi Kristina. Na shemeji yake Martin. Wanafunzi wake wa magongo tuliwatafuta ili wabebe jeneza. Tuliwapata watano kwa simu, wote wako mbali, kwa hiyo leo amebebwa na mzee Ignas na wanawe. Uwanja hakutuachia. Yeye aliachiwa na babu, na babu aliachiwa na baba yake, lakini sisi tunaomzika hatuna wa kumwachia mtoto yeyote.

Tunawashukuru waliochimba kaburi kwenye tope hili, wanakwaya, na majirani waliolala nasi siku mbili.

Baba, kifua chako kimekuwa kizito muda mrefu. Mungu akiondolee mawe. Pumua sasa, upumzike.